"Ndiyo" ya mama si ruhusa ya kuuza kiwanja

Dada, zuia hilo dole gumba la mama lisiwekwe kwenye karatasi za mauzo kwanza. Umeandika kuwa mama ana wiki tatu tangu apate kiharusi, upande wa kulia umelala, neno lililobaki ni "ndiyo", na kaka zako wanataka kuuza kiwanja cha Chang'ombe kwa kuwa "amekubali". Hajakubali. Mimi nimeshauza, ndiyo maana napiga kelele.

Mzee wangu naye alibaki na "ndiyo". Wodini wakaandika "haongei, haelewi" bila kumjaribu hata kwa kijiko. Baba mdogo, anayejua kila kitu kuanzia siasa mpaka mifupa, akasema akili za mzee zimerudi utotoni, tumalizane mapema. Tukamuuliza: "Baba, tuuze shamba la zabibu la Hombolo tupate hela ya matibabu?" Ndiyo. "Eka zote mbili?" Ndiyo, ndiyo. Huku anapigapiga mkono wa kiti kwa kushoto na machozi yanamtoka. Baba mdogo akasema hiyo ni furaha ya kuona watoto wanamjali. Furaha! Na mimi na diploma yangu nikaamini. Mbele ya mashahidi nikamshika kidole mwenyewe, nikakichovya kwenye wino.

Miezi miwili baadaye kijana wa fizio (mazoezi ya viungo) akapanga mezani kikombe, ufunguo na kalamu. Akainua kikombe: "Mzee, hii ni kalamu?" Ndiyo. "Ni ufunguo?" Ndiyo. Kisha akasema, "Haya, gusa ufunguo." Mkono ukaenda kwenye ufunguo moja kwa moja. Kalamu, hivyo hivyo. Hakukosea hata mara moja. Mimi nikatoka kutafuta maji na sikuwa na kiu.

Kumbe ni afasia, yaani lugha kuvurugika kwa sababu ubongo umeumia. Kwa watu wengi lugha inakaa ubongo wa kushoto, ndiyo maana mara nyingi afasia inaambatana na kupooza kulia. Akili ipo, neno ndilo linagoma, au linatoka lingine. Mzee "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, inamtoka safi, tenzi za kanisani anamaliza beti, lakini kuomba chumvi hawezi. Ukimuuliza kama ni Yanga atasema ndiyo, na mtu ni Simba tangu hajaoa.

Kwa hiyo kila swali liulizwe mara mbili, la pili kinyume. "Tuuze?" Halafu "Tusiuze?" Akisema ndiyo kote, hujapata jibu. Mpe vitu au picha aguse kwa kushoto. Zima TV, swali liwe fupi, umngoje, na mtu asimjibie, hasa hao kaka zako. Wataalamu wa lugha na matamshi ni wachache. Anza kuwaulizia idara ya fizio hapo anapohudhuria kliniki. Lakini dole gumba kwanza, nimesema!

Siku hizi mzee ana maneno kama arobaini. Moja ni "Hombolo". Analitoa tukiweka zabibu mezani, ananitazama, nami nasingizia simu inaita.