Mke wangu anataka nishuke mwambani

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja hapa Dodoma mjini. Nina miaka 29, nina mke na binti aliyeanza kutembea juzijuzi. Tangu utotoni kwetu Mpwapwa napenda kupanda mawe. Nilipokuwa chuo, likizo nilikuwa nakwenda Moshi kubeba mizigo Kilimanjaro, na mgeni mmoja aliniachia kamba na viatu vyake vya kupandia, akanifundisha na mafundo. Sasa kila Jumamosi alfajiri niko mwambani na rafiki yangu. Shangazi, nikiwa juu pale akili inatulia kabisa, madeni na mshahara nasahau.

Kuna mwamba mmoja nje ya mji, mrefu kama ghorofa kumi. Nimeshaupanda kwa kamba, sasa nataka kuupanda bila kamba, peke yangu. Mke wangu anasema nichague, mwamba au yeye. Mama anasema nimetupiwa jini. Mimi naona mtu asiye tayari kufa kwa anachokipenda hajaishi. Mbona bodaboda wanakufa barabarani na hakuna anayewazuia? Je, nakosea? Na je, nikiupanda kimyakimya nikamweleza mke wangu baadaye, ni vibaya?

Mwalimu, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Jini huna, na mama umwambie hivyo kwa upole. Nakuamini unaposema akili inatulia. Baba yangu alikuwa mrina asali kule Itigi. Alikuwa akirudi alfajiri ananuka moshi, uso umevimba kwa miiba ya nyuki, na furaha aliyokuja nayo hatukuiona siku nyingine. Asali ilitulipia ada, ndiyo, lakini hata bei ilipoanguka hakuacha. Mwenye jambo kama hilo moyoni ana bahati, na sitakuambia uling'oe.

Lakini barua yako inataja mambo mawili tu, kuishi na kufa. Kuna la tatu, nalo nimelala nalo nyumba moja.

Baba yangu mdogo naye alikuwa mrina. Usiku mmoja tawi lilikatika akiwa juu ya mti, akaanguka na mzinga wake. Hakufa. Uti wa mgongo ulivunjika, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu tena mpaka mwisho wa maisha yake, na maisha yale yalikuwa marefu. Mama mdogo alikuwa anaamka usiku kumgeuza ubavu, maana mtu wa namna hiyo asipogeuzwa anatoka vidonda, na vidonda vile vinakula nyama hadi mfupa. Mwanamume mzima ni mzito, kwa hiyo mtoto wao mkubwa aliacha shule ili asaidie kumnyanyua. Ng'ombe waliuzwa mmoja baada ya mwingine. Baba mdogo alikuwa mtu wa ngoma na maneno mengi. Akawa anageukia ukutani kila binti yake alipoingia na beseni la maji. Aliipenda asali sawasawa na baba yangu. Gharama ya mapenzi yale aliilipa mama mdogo, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anakubali.

Sasa vuta picha hiyo uiweke ndani ya nyumba yako, na mkeo ndiye anayeshika beseni. Kufa unakokutaja kwa ujasiri ni dakika moja kwako.

Bodaboda waache. Kijana anayekatiza Nkuhungu saa sita usiku anatafuta unga, na ukimpa leo kazi salama yenye kipato kilekile wengi wao watashuka kwenye pikipiki. Hatari yake imeletwa na njaa. Yako umeichagua, kwa hiyo inahitaji sababu nzito kuliko yake. Tena bodaboda tunamwambia kila siku avae kofia ngumu. Wewe unataka kuivua.

Najua pia unamwaza nani. Juni 3, 2017, Mmarekani Alex Honnold aliupanda bila kamba ukuta wa El Capitan kule Yosemite, California, karibu mita 900, kwa muda usiofika saa nne. Vijana wanakiona kile kitendo, yaliyotangulia hawayaoni. Njia ile alikuwa ameifanyia mazoezi kwa kamba muda mrefu, anakariri kila mahali pa kuweka kidole. Mwaka 2016 alianza kuipanda bila kamba, akaona siku hiyo haijakaa sawa, akaacha. Ulipokuwa Kilimanjaro bila shaka umeona kiongozi akimshusha mgeni aliyelipa mamilioni, anayumba kwa ugonjwa wa mwinuko huku kilele cha Uhuru kinaonekana. Je, wewe ukiwa katikati ya ukuta, peke yako, vidole vinateleza kwa jasho, nani atakuambia ushuke? Na utashukia wapi? Kumbuka vilevile kwamba mwaka ule Honnold hakuwa na mke wala mtoto.

Mei 2024 jirani yetu Mkenya, Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki, alikwenda kupanda Everest bila oksijeni ya chupa. Alikuwa mpandaji mzoefu. Alikutwa amefariki makumi ya mita tu chini ya kilele, mahali ambapo oksijeni unayovuta ni kama theluthi ya ile ya pwani. Familia yake iliamua mwili ubaki mlimani, kwa sababu kuushusha kungehatarisha maisha ya watu wengine. Uamuzi ule nauheshimu hadi leo. Ila watu wanaposimulia habari hii humsahau Nawang Sherpa, Mnepali aliyekuwa kiongozi wake, ambaye naye hakurudi. Kwa hiyo hilo neno lako "peke yangu" silikubali. Ukinasa mwambani, watakaopanda kukufuata ni rafiki yako, vijana wa kijiji cha jirani, labda na wanafunzi wako, bila kamba wala ujuzi.

Kuna mwingine ninayemfikiria sana. Mwaka 1995 Mwingereza Alison Hargreaves alifia K2, mlima wa pili kwa urefu duniani baada ya Everest, akishuka kutoka kileleni, akaacha watoto wawili wadogo. Alisemwa vibaya mno, kwamba ni mama gani anayeacha watoto kwa ajili ya mlima. Akina baba waliofia milimani kabla yake hawakusemwa hivyo. Mimi ubaguzi huo siutaki, ndiyo maana nakuuliza wewe, baba: huyo binti akifika darasa la kwanza, utataka aambiwe nini kuhusu Jumamosi ile?

Jibu langu ni hili. Kupanda kunastahili hatari fulani. Kuupanda mwamba ule bila kamba, ukiwa na mtoto wa umri huo, hakustahili. Baba yangu alisokota kamba yake mwenyewe kwa magome, na kabla ya kila msimu aliifunga kwenye mti akaivuta kwa uzito wake wote. Akigombana na mtu mchana, usiku hapandi. Hatari iliyobaki baada ya hapo aliibeba kwa haki, na mama yangu alijua anabeba nini. Wewe unataka kuongeza hatari ambayo tayari ulishaipunguza. Na soma tena barua yako: utulivu unaousifia unaupata kila Jumamosi ukiwa umejifunga kamba. Umeshaupata, mwanangu. Hicho kingine unachokitafuta ni kitu tofauti, nawe unakijua zaidi yangu.

Hiyo kamba uliyoachiwa ina umri gani? Kamba za nailoni huzeeka hata zikikaa kabatini, na watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10. Kama hujui ilitengenezwa lini, iwe ya kuanikia nguo. Tafuta nyingine kupitia viongozi uliofanya nao kazi Moshi, na kofia ngumu pia. Mawe yetu ya Dodoma ni ya matale, jua na baridi vinayabandua magamba. Gonga kabla ya kushika. Angalia nyufa, nyuki wanaishi humo, na mtu anayeumwa na nyuki mia hafikirii tena mguu unakanyaga wapi. Mvua ikinyesha, lala. Bima ya afya ya familia ilipiwe kabla ya kamba mpya.

Mkeo nadhani amekupa hilo chaguo kwa sababu hajawahi kuona unachokifanya. Mpeleke Jumamosi moja. Mtoto abaki kwa bibi. Aone mafundo, amsikie rafiki yako akikuita na wewe ukimjibu, aulize maswali yote. Akibaki na hofu baada ya hapo, hofu hiyo ina haki ya kukupangia mipaka.

Kumficha ukamweleza baadaye, hapana. Ukianguka, hiyo baadaye haipo, na atayapata maelezo kwa mtu wa tatu akiwa mlangoni mwa wodi. Msomee barua hii usiku huu mtoto akishalala, umwambie ni mwamba upi na ulikuwa umepanga kuupanda lini.