Kwako dada wa Langoni, Lamu, unayesema hupumui

Dadangu, umeuliza utapumua vipi ilhali alfajiri uko kwenye vitumbua, mchana dukani, na usiku unamuuguza mavyaa. Sitakwambia ufunge safari ukapumzike Malindi; nauli yenyewe umesema haipo.

Vitumbua vikiisha, usirudi nyumbani papo hapo. Kaa kidogo ukutani mwa bahari utazame majahazi yakishusha mizigo. Pale uwanjani Mkunguni wamejaa wanaume, najua, lakini ukuta ni mrefu na hauna mwenyewe. Simu iache mkobani. Ukiigusa tu, lile kundi la arusi litakumeza.

Kazi nyingine igeuze iwe starehe. Nunua asumini na rihani, ukae na mavyaa mtunge vikuba, vile vishada vya kunukia, huku akikusimulia ya zamani. Mgonjwa naye huchoka kuulizwa dawa tu.

Lakini unachohitaji hasa ni alasiri moja kwa wiki isiyo na mtu wa kukuita. Nenda Shela kwa miguu. Ni kama kilomita 3, na ukienda polepole ni dakika 45 hivi. Angalia maji kwanza: yakitoka unafuata ufuo, yakijaa unapita njia ya ndani.

Nani atabaki na mgonjwa? Wifi yako. Yule ni mamake mzazi, na wewe hukuolewa uwe yaya. Mtajie siku na saa kabisa, maana ukisema "siku moja uje" hatakuja. Akileta visingizio, mumeo ndiye azungumze na dadake. Wewe usijiingize.