Mkubwa Akitaka Mchoro wa Mfano, Alipe Kwanza

Kijana mmoja mchoraji ameniandikia. Kuna mkubwa anataka picha ya Yudithi wa kwenye Biblia, ya kutundika sebuleni, ila aletewe kwanza mchoro wa mfano, bure. Afanyeje?

Mdogo wangu, hayo yamenikuta. Taasisi moja iliniita niwachoree watakatifu ukutani. Nilikesha na penseli, nikapeleka michoro, wakanisifu mno, kisha kimya. Siku napita pale nikawakuta watakatifu wangu wameshachorwa kwa mkono wa mtu mwingine, hadi mikunjo ya kanzu ni ileile. Mpaka leo inaniuma. Najua thamani ya mkono wangu.

Kilichonipa nguvu ni maisha ya mchoraji mwanamke, Artemisia Gentileschi, mzaliwa wa Roma, 1593. Mnamo 1620 alimchora Yudithi akimkata kichwa Holoferne, jemadari wa adui, picha iliyoko makumbusho ya Uffizi, Florence, Italia. Itazame: mikono ya gauni imepandishwa, mjakazi amemgandamiza jemadari kitandani, damu inaruka. Alimchorea Cosimo II de' Medici, Mtawala Mkuu wa Toscana. Tayari mwaka 1616 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika akademia ya wasanii ya Florence. Pamoja na heshima zote hizo, malipo ya Yudithi yalikuwa yakisahaulika. Katika barua ya 1635 alimkumbusha Galileo, ndiyo, yule mwanasayansi, kwamba ni yeye aliyemsemea hadi akalipwa vizuri.

Na mwaka 1649, akiwa Napoli, alikataa kumpelekea mchoro wa mfano mteja wake, Don Antonio Ruffo wa Messina. Sababu? Askofu mmoja aliwahi kuchukua mchoro wake, akampa mchoraji mwingine aimalizie kazi kwa bei ndogo. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini, nikalia.

Kwa hiyo wachoraji wenzangu, acheni kujidhalilisha! Sifa za mkubwa zipokee kwa adabu, kisha taja bei. Anayetaka kuona uwezo wako mwonyeshe kazi ulizokwisha kumaliza. Mchoro wa mfano una bei yake, advansi ni nusu, na makubaliano yaandikwe hata kama ni baba mdogo wako. Akinuna, mwache anune. Wewe, kijana, mjibu leo kabla hujachonga penseli.