Kutumwa kazini si kumtelekeza mke

Wiki iliyopita askari mmoja kijana wa jeshi letu la Uganda alinipigia kutoka Somalia. Mkewe amefungua kesi ya talaka Kampala, anadai ametelekezwa. "Afande, si ninyamaze tu mpaka nirudi?" Nilimjibu hapana kwa sauti ya gwaride.

Mimi yalinikuta 2014. Bahasha ilinifikia Mogadishu imekunjwa mara nne, imelowa jasho la mwenzangu aliyetoka nayo mfukoni kutoka kambi ya Bombo, Uganda. Niliposoma neno "kutelekeza" nilicheka. Kisha nikahesabu siku za kujibu: zilibaki nne.

Sheria ya talaka ya Uganda inataka utelekezaji uwe wa miaka 2 au zaidi, tena bila sababu ya haki. Amri ya jeshi ni sababu. Lakini hakimu atajuaje ulikuwa wapi? Usipojibu, kesi itasikilizwa upande mmoja, nawe utabaki kulalamika kwenye mesi ya askari. Nilimpigia mdogo wangu, akavuta sanduku la bati chini ya kitanda: barua ya kupelekwa Somalia, pasi za likizo, karatasi za benki zinazoonyesha pesa za mama watoto kila mwezi. Wakili akajibu kabla siku hazijaisha. Dai la kutelekeza likafa hapo.

Ndoa haikupona, nisiwadanganye. Mke wangu alikuwa na madai mengine, na baadhi yalikuwa ya kweli.

Usimkimbilie CO, mkuu wa kikosi chako, akusaidie kumnyamazisha mkeo. Mahakama ya kijeshi haivunji ndoa ya mtu. CO atakupa ruhusa ya kwenda kortini, basi. Ukinyimwa ruhusa, mwambie wakili aombe utoe ushahidi kwa video. Kanuni za kufanya hivyo zipo tangu 2016.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: ukijua mwenzako alizini, kisha ukaja likizo mkaishi kama mke na mume, mahakama inaweza kusema umeshasamehe. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Katiba ya 2004, uzinzi wako na wake una uzito mmoja. Ile habari ya "mwanajeshi ni mwanamume" iache getini.

Kwenye mali ndipo nilipojifunza adabu. Kiwanja nilinunua kabla ya ndoa, nikadhani nimemaliza. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Rwabinumi na Bahimbisomwe, ilisema mali ya kabla ya ndoa haiwi ya wote hivi hivi, ila mchango wa mwenzako unahesabiwa hata kama si pesa. Nani alisimama juani na mafundi wa nyumba yetu nikiwa mission, kazini Somalia? Nani alihesabu matofali? Tulikubaliana mbele ya msuluhishi, yeye na watoto wakabaki kwenye nyumba.

Ukipewa amri ya kwanza ya talaka usianze kuchangisha harusi. Ni ya muda. Ile kamili haitoki kabla ya miezi 6, na mpaka hapo wewe bado ni mume wa mtu. Yangu aliichukua wakili. Mimi nilikuwa nimesharudi Mogadishu.