Jina Likae Juu ya Mstari: Kuandika kwenye PDF kwa Programu

Kikundi cha wauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza, kina cheti kimoja cha PDF na wanachama 200. Kujaza jina mojamoja ni kazi ya kutwa, na majina hukosewa. Kwa Python ni dakika chache, ila vipimo viwe sahihi. Hapo ndipo wengi hukwama.

Tumia maktaba mbili za Python: tengeneza kwa reportlab ukurasa mtupu wenye jina tu, kisha ulaze juu ya cheti kwa merge_page ya pypdf, kama unavyofunika fomu kwa nailoni angavu.

PDF hupima kwa pointi. Inchi moja ni pointi 72, hivyo milimita moja ni pointi 2.8346. Sifuri iko kona ya chini kushoto, si ya juu. Tuseme mstari wa jina uko milimita 62 kutoka kushoto na 118 kutoka juu. A4 ina kimo cha pointi 841.89. Basi x, umbali kutoka kushoto, ni 175.75, na y, umbali kutoka chini, ni 841.89 ukitoa 334.48, yaani 507.41. Ongeza pointi 3 au 4 kwenye y: hapo ndipo herufi zinaposimama, na mikia ya herufi kama g na j hushuka chini yake, ikakatwa na mstari.

Rula ya kwenye karatasi hudanganya iwapo printa ilipunguza ukurasa ili utoshee. Chapa kwa asilimia 100, au bora zaidi, chora gridi yenye namba kila baada ya pointi 50, ilaze juu ya cheti, usome mwenyewe kwenye skrini. Gridi hiyo inaokoa muda kuliko kubahatisha namba.

Fomu iliyoskaniwa kwa simu mara nyingi si A4 kamili, kwa hiyo soma kwanza page.mediabox, yaani vipimo halisi vya ukurasa. Jina likilala ubavu ilhali fomu imesimama wima, ukurasa una /Rotate, agizo la kuuzungusha unapoonyeshwa. Ita transfer_rotation_to_content() kabla ya kuunganisha, ndipo usome vipimo upya.

Kosa linaloumiza zaidi limo kwenye mzunguko wa majina. Ukiunganisha moja kwa moja kwenye reader.pages[0], yaani ukurasa wa cheti cha asili, cheti cha pili kinabeba majina mawili, cha tatu matatu, yamerundikana hadi hayasomeki. Kwa kila jina anza na writer = PdfWriter() mpya na page = writer.add_page(reader.pages[0]), unganisha kwenye page hiyo, kisha hifadhi faili lake; ukitumia writer mmoja kwa wote, nakala zinashiriki maudhui yale yale na majina yatarundikana tena.

Majina matatu ya mtu mmoja huweza kuzidi mstari. Pima upana wake kwa stringWidth ya reportlab, na kama hayatoshi shusha ukubwa wa fonti kutoka 18, pointi moja moja, usishuke chini ya 12. Mwenye cheti atakitundika ukutani; jina lake lisikatwe.

Na cheti kikishasainiwa kidijitali usikiguse, maana hata herufi moja ikiongezwa ukaguzi wa saini utaonyesha kimebadilishwa. Majina kwanza, saini baadaye.