Spinaka inapozamisha omo ya katamarani

Ndugu yangu wa Shela, umeeleza kwamba katamarani yenu, yaani chombo chenye miili miwili, huzamisha omo (sehemu yake ya mbele) kila kusi inapopiga kwa ghafla mkiwa mmefungua spinaka, lile tanga jepesi la mbele, na kwamba mkienda na upepo wa tezi, yaani wa nyuma, moja kwa moja wenzenu huwapita.

Spinaka ya kisasa, iliyofungwa pembe yake moja kwenye ncha ya mti wa mbele, hupata nguvu pia kutokana na upepo unaozalishwa na mwendo wa chombo chenyewe. Kwa hiyo nendeni mshazari, mkigeuza tanga upande huu na huu. Mwenzako aishike demani ya spinaka, ile kamba ya kuongozea tanga, mkononi bila kuifunga, ailegeze mpaka ukingo wa mbele uanze kujikunja kidogo, kisha aivute kiasi cha kuunyoosha.

Upepo ukizidi, elekeza chombo chini ya upepo, usikipandishe joshi (upande upepo unakotoka) kama ulivyozoea ukiwa huna spinaka, na nyote mrudi nyuma kabisa. Demani ya tanga kubwa msiiachie yote, kwa maana katika vyombo vingi vya aina hii ndiyo inayosaidia kuuzuia mlingoti kwa nyuma, na mlingoti unaweza kuvunjika.

Kuishusha spinaka ni rahisi zaidi: shukeni na upepo hadi ijifiche nyuma ya tanga kubwa.

Mkondo wa Lamu una mashua nyingi za mashine, basi fanyeni mazoezi penye nafasi, mkiwa na jaketi za kuokolea. Mkiona ufa mlingotini, msitweke kabla fundi hajaukagua.