Kuhusu kasha la Zanzibar "la miaka 150": kabla hujatoa hela, ligeuze

Mkuu, nimesoma swali lako na waliotangulia kujibu. Kwa wanaoingia sasa: mkuu kaoneshwa kasha la Zanzibar lenye droo tatu chini na shaba tele usoni. Dalali anasema lina miaka 150, limetoka kwa familia moja ya Mji Mkongwe, bei milioni mbili na nusu, hapunguzi. Yeye anataka kuliweka sebuleni kwake Dar, anauliza atajuaje kama ni la kale kweli. Wengi mmemwambia "litikise uone uzito" na "gusa shaba". Naongeza yangu, maana kazi ya kukarabati fanicha za zamani nimekulia ndani yake, kwenye karakana ya baba mdogo Tanga, na makasha yaliyopita mikononi mwetu ni ya kila aina, ya kweli na yaliyochongwa juzi.

Hiyo hadithi ya familia iweke pembeni kwanza. Kila kasha linalouzwa lina bibi aliyefariki na mjukuu anayetafuta ada. Inaweza kuwa kweli, lakini hadithi haina misumari wala bawaba, huwezi kuikagua.

Na jina lisikuchanganye. Makasha mengi tunayoyaita ya Zanzibar hayakutengenezwa Zanzibar. Yalikuja na majahazi ya kaskazi kutoka pwani ya magharibi ya India: Surat, Bombay, Malabar. Wauzaji wanaojua kazi huyatofautisha kwa majina hayo. Lenye shaba iliyokatwakatwa mapambo na safu za misumari uso mzima huliita la Surat. La Malabar huacha mbao ionekane zaidi, shaba ikabaki mabamba ya kwenye kona na maungio. Mafundi wa Zanzibar na Lamu nao walijifunza, na mpaka leo wanayatengeneza, mengine mazuri sana. Kwa hiyo kasha jipya la fundi wa Unguja si feki hata kidogo. Ufeki unaanza pale linapopakwa oili chafu na kupandishwa bei.

Sasa kazi yenyewe. Nenda mchana, chukua tochi, sumaku ndogo (hata ya spika mbovu inatosha) na mtu wa kukusaidia kubeba. Omba kasha litolewe vitu, droo zote zitolewe, kisha ligeuzwe miguu juu. Muuzaji akianza kusema "litachubuka", "leo mgongo unaniuma", umeshapata nusu ya jibu.

Chini na nyuma ndiko fundi wa zamani hakuhangaika kupendezesha. Mbao za huko zinatakiwa ziwe kavu, zimefifia, rangi hailingani: karibu na kingo tofauti, katikati tofauti. Ukikuta chini kote kumepakwa rangi ile ile ya juu, jiulize nani alipoteza rangi mahali ambapo hata panya haangalii. Laza tochi ubavuni mwa ubao ili mwanga upite kwa kuteleza, utaona alama za msumeno. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana nafasi. Msumeno wa mviringo wa mashine huacha mapinde mapinde yanayofanana, yote yamejikunja upande mmoja. Mapinde hayo kwenye kasha la miaka ya 1870 mimi hayanipi raha, labda ubao huo mmoja uwe umebadilishwa.

Miguu ikiwa imebadilishwa, usikimbie. Nyumba zetu za pwani sakafu huoshwa kwa maji, na kinachooza kwanza ni miguu. Kasha linalodaiwa kuwa la karne ya kumi na tisa na miguu yake ya asili haina hata alama ya maji, hilo ndilo la kuliangalia mara mbili.

Halafu dalali atakwambia "hii msaji tupu". Sawa, lakini misaji tunayo hapa hapa. Kuna mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa Morogoro, na mbao zake zinaingia karakana kila siku. Msaji peke yake hauthibitishi umri. Tazama upana wa ubao na pete zake. Mti mkubwa wa msituni uliokua polepole hutoa ubao mpana, pete zimebanana, na mara nyingi kifuniko kizima ni ubao mmoja au miwili. Mti wa shamba huvunwa ukiwa mdogo, pete zimeachana, rangi imepauka mpaka ipakwe, na kifuniko kinaungwa vipande vinne vitano vyembamba kwa gundi. Kuna pia makasha ya mwembe yaliyopakwa rangi ya kahawia. Hayo kwaruza kidogo sehemu ya ndani isiyoonekana, kwa ruhusa ya mwenyewe, utaona weupe chini ya rangi.

Droo ndizo ninazoziamini kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ni vigumu kuzidanganyisha. Fikiria watu wanavyovuta na kusukuma droo hiyo hiyo miaka nenda miaka rudi. Kuta za droo hulika kwa chini, zaidi upande wa nyuma, na reli inayozibeba hulika zaidi upande wa mbele. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa ubavu wa droo kuanzia mbele kwenda nyuma. Ukihisi unashuka taratibu kama mteremko laini, hiyo ni kazi ya mikono ya watu. Ukingo ulionyooka na bado mkali kidoleni ni droo isiyofanya kazi muda mrefu. Wajanja huupiga msasa ili ulainike, ila msasa unalainisha sawasawa pote, mbele na nyuma. Jaribu pia kuhamisha droo ya kushoto iingie kulia. Zilizotengenezwa kwa mkono kila moja ilikatwa kwa tundu lake, zitagoma au zitalegea. Zikibadilishana vizuri kabisa, kuna mashine ilihusika.

Ukiwa hapo hapo, ingiza pua kwenye tundu la droo. Usinuse ndani ya kasha, huko mtu anaweza kufukiza udi asubuhi ukafikiri unanusa enzi za Sayyid Said. Mtu anayezeesha fanicha mara nyingi husahau matundu ya droo, na huko ndiko utakuta vanishi, rangi ya viatu au oili ya gari.

Shaba: sumaku haishiki shaba. Ikishika, ni bati au chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Ila shaba mpya nayo ni shaba, kwa hiyo usiishie hapo. Vichwa vya misumari ya zamani havilingani, na vile vya sehemu inayofutwa sana vimelika juu vikawa bapa, huku vya pembeni chini bado vina mviringo. Penye msumari uliong'oka, angalia shimo. Mbao iliyofunikwa na shaba muda mrefu ina rangi tofauti na ya jirani yake. Matundu ya ziada yasiyo na kazi, yaliyojazwa nta au vumbi la mbao na gundi, maana yake mapambo yamewahi kubadilishwa, au mwili ni wa kasha moja na kifuniko ni cha jingine. Hii ya mwisho ni ya kawaida kuliko mnavyodhani.

Kwenye bawaba tazama skrubu. Ile ya nyota, inayofunguliwa kwa bisibisi ya nyota, Mmarekani Henry Phillips aliipatia hataza mwaka 1936, haiwezi kuwa ilizaliwa na kasha la 1870. Usiseme feki papo hapo lakini, bawaba hufa na watu hutengeneza. Fungua skrubu moja uone kama chini yake kuna tundu la zamani la msumari wa pembe nne. Likiwepo, hayo ni matengenezo. Lisipokuwepo, skrubu hiyo ndiyo ya kwanza kuingia hapo.

Matundu ya wadudu yasikutishe wala yasikushawishi. Mbao iliyobunguliwa zamani ina matundu ya mviringo yasiyo na mpangilio. Unga mpya ukidondoka ukiligonga, wadudu wako hai, tibu kabla hujaingiza ndani ukawagawia na kabati la jikoni. Kuna hila moja ya kuijua: ukiona njia ya mdudu imelala juu ya ubao kama mfereji wazi, badala ya tundu tu, ubao huo ulichanwa au kupigwa randa baada ya mdudu kupita. Mdudu hachimbi mfereji juani. Ina maana mbao ni kuukuu, pengine ya nyumba iliyobomolewa, lakini kasha ni jipya.

Mkuu mmoja hapo juu aliuliza kuhusu kiti cha enzi, vile viti vya Lamu, Pate na Siyu vyenye kamba za kusuka mgongoni na vipande vyeupe. Ukaguzi ni ule ule, ila hivyo vipande vyeupe viangalie kwa makini kwa sababu nyingine kabisa. Mfupa una vidoa na vistari vidogo vya giza vya mishipa ya damu. Pembe ya ndovu haina, na ikikatwa kwa kukingama utaona mistari inayopishana kama wavu. Ikiwa ni pembe, achana nacho mpaka uone karatasi zake. Hapa kwetu kukutwa na nyara za serikali bila kibali hakuna mjadala wa "nilinunua kama kiti".

Tukiwa kwenye sheria, huku Bara Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inatambua kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa. Kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kenya, kwa sheria yao ya 2006, kikomo ni 1895, hata kama kitu kiliingizwa tu kutoka nje kabla ya mwaka huo. Kwa hiyo dalali wa Mombasa akikwambia kasha ni la 1870 halafu akakushauri ulitume kwa shemeji yako Muscat kimya kimya, kwa mdomo wake mwenyewe amekueleza kwamba linahitaji kibali. Zanzibar wana taratibu zao, ulizia huko kabla ya kupakia botini. Na chukua risiti yenye maelezo ya kitu, siyo "sanduku 1".

Ukishanunua, tafadhali usimpe fundi wa mtaani "alipige msasa ling'ae". Tuliwahi kuletewa kitanda cha samadari kimepigwa msasa wa mashine mpaka nakshi za kichwani zimelala, kisha vanishi ya kung'aa juu. Mwenye nacho alitaka tukirudishe kilivyokuwa. Hakirudi. Kitambaa kikavu, nta kidogo, shaba uifute bila kutafuta kioo cha kujitazamia, basi.

Na kama shida yako ni fanicha ya kale tu, siyo lazima kasha, angalia minada ya ofisi za zamani. Meza za mvule na mninga za enzi za mkoloni, hata makabati ya reli yenye herufi za EAR&H (shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, lilikuwepo 1948 mpaka 1969), watu wanayapita kwa sababu hayana shaba. Mbao za namna ile leo ukiagiza utauza shamba.

Nirudi kwenye lako. Kwa picha mbili ulizoweka, kifuniko naona kimeungwa vipande vinne, pete pana, na misumari ya shaba imepangwa kwa usawa wa rula. Kwa macho yangu ni la miaka ya karibuni, la fundi mzuri. Siyo baya sebuleni. Lakini pita kwa fundi wa makasha, uliza bei ya jipya la ukubwa huo kwa msaji, na hiyo ndiyo iwe dari yako. Hapo kwenye milioni mbili na nusu, ile miaka 150 unailipia na haimo. Akikubali kuligeuza, piga picha ya chini na ya ubavu wa droo uziweke hapa, mimi na wengine tutazitazama.